Inchi ya Kaka

Daktari wa meno aliweka karatasi mbili mezani, akazisukuma kwangu kwa kidole kimoja kama anayesukuma kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu.

"Soma mwenyewe, fundi."

Ya kwanza ilikuwa yangu. Niliiandika kwa penseli ya useremala: ngazi ya vidato kumi na sita, milango minne na fremu zake, vyote vya mvule, jumla futi mia nne na kumi na sita. Ya pili ilikuwa ya fundi mwingine. Ngazi ileile, milango ileile, mvule uleule. Futi mia tatu sitini na nane.

"Nyumba yangu ni moja," daktari akasema. "Mchoro mliopewa ni mmoja. Bei ya futi moja ni ileile, nimepiga simu nikauliza. Sasa hizo futi arobaini na nane unazipeleka wapi?"

"Kuna upotevu, daktari. Mbao ina vifundo, ina nyufa, randa inakula."

"Randa yako inakula kuliko ya mwenzako?"

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye mikono misafi sana, na alizoea watu wakae mbele yake na mdomo wazi. Hivyo ndivyo nilivyokaa.

"Mimi nikikwambia meno matatu yameoza, na daktari mwingine akakwambia mawili, utamwamini nani?"

"Atakayeng'oa machache."

Hakucheka. "Mmoja wenu ananiibia, au mmoja wenu hajui kuhesabu. Leo Jumatatu. Alhamisi saa nne njooni wote wawili, mnieleze mbele yangu. Atakayesema kweli ndiye atakayeingia nyumbani kwangu na msumeno."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Kazi ile ilikuwa ya miezi mitano. Tangu mwaka uliopita nilikuwa natengeneza viti vya stuli na kurekebisha makabati ya watu, na mwenye nyumba niliyopanga karakana alikuwa ameshaanza kuwaonyesha watu wengine mlango wake. Nikiikosa ngazi ile, ningefunga na kwenda kuomba kazi kwenye karakana ya mtu, na miaka yangu hamsini na moja, niambiwe na kijana nishike msasa.

Lakini kilichonikereketa zaidi ni mwandiko wa ile karatasi ya pili. Namba nne iliyo wazi juu, namba saba yenye kamstari tumboni. Mwandiko huo niliuona kila siku kwa miaka saba. Ulikuwa wa Kifupi.

Kifupi ni mrefu kuliko mlango, ndiyo maana tukamwita hivyo. Tulikuwa washirika. Miaka minne iliyopita nilimfukuza mbele ya maseremala na wapakiaji wa bohari ya mbao, nikamwita mwizi kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje barabarani waliisikia. Na sasa mwizi huyo huyo ndiye aliyehesabu futi chache kuliko mimi.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Mbao ngumu haziuzwi kwa idadi. Ubao mmoja wa mvule una upana wa inchi saba, wa pili una kumi na moja, wa tatu umepinda ubavu kama ndizi. Kwa hiyo tunanunua kwa futi, na futi yetu si ya urefu peke yake. Ni kipande cha futi moja kwa futi moja, unene wa inchi moja. Unachukua unene wa ubao kwa inchi, unazidisha na upana kwa inchi, unazidisha na urefu kwa futi, kisha unagawanya kwa kumi na mbili. Niliacha shule darasa la tano lakini hesabu hiyo naifanya kichwani huku napiga misumari.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha. Baba alipofariki kaka alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na mbili. Alinichukua nikabebe mbao pamoja naye, akaniambia shule itanisubiri. Haikunisubiri, ila sikuwahi kumlaumu. Alinipa godoro na viatu, na jioni alinipa ubao na chaki, tukazidisha na kugawanya mpaka nikaweza. Miaka kumi na moja sasa yeye ndiye mpimaji mkuu wa ile bohari. Watu wanamwita Rula. Ukimwuliza mtu yeyote pale kama Rula anapima sawa, atakushangaa kana kwamba umeuliza kama jua lina joto.

Kila seremala anapotoa bei anaongeza kitu kwa ajili ya upotevu. Wengi wanaongeza kumi na tano kwa kila futi mia. Mimi niliongeza thelathini. Sikuwa mroho. Nilikuwa nimeshaungua. Nikinunua futi mia, kila mara nilijikuta nimepungukiwa, kitanda kinakosa ubavu mmoja, kabati linakosa rafu. Mwanzoni nililaumu randa. Baadaye nikailaumu mashine, nikabadilisha visu vyake mara mbili. Mwisho nikamlaumu Kifupi.

Ukweli ni kwamba Kifupi mwenyewe ndiye aliyeanza. Siku moja alinijia na tepu mkononi akasema, "Hizi mbao zinakuja nyembamba kutoka kulekule boharini. Tuzipime tena."

Ni vigumu kumweleza mtu wa nje uzito wa maneno yale. Mpimaji anapopima ubao, anaandika upana wake kwa chaki kwenye uso wa ubao. Ukishaandikwa, haupimwi tena. Kupima juu ya chaki ya mtu ni kumwambia kwamba ni mwizi. Nimewahi kuona watu wazima wakishikana mashati kwa ajili hiyo. Na huyu alitaka nipime juu ya chaki ya kaka yangu.

Nilimwambia Kifupi afunge mdomo. Jioni nikamsimulia kaka, nikitegemea tucheke pamoja. Kaka hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, mtu anayekushughulisha na chaki yangu, yeye mwenyewe anabeba nini akienda kwake? Mwangalie huyo."

Wiki ile ile nilikuta vipande viwili vya mvule kwenye mfuko wa Kifupi, vifupi kama mkono. Alisema ni mabaki, anamchongea mkewe miiko. Nilimfukuza kwa miiko miwili.

Sasa nilikuwa karakanani, Jumatatu mchana, na karatasi yangu ya futi mia nne na kumi na sita. Pembeni ukutani zilisimama mbao kumi na mbili za mvule nilizonunua wiki iliyopita kwa ajili ya kabati la mtu. Hazijapigwa randa. Chaki ya kaka ilikuwa bado juu yake, namba zake nono zilizolala kidogo upande wa kulia.

Nilifunga mlango wa karakana kwa komeo. Sijui nilimwogopa nani. Nikachukua tepu yangu.

Ubao wa kwanza uliandikwa kumi. Nikapima: tisa. Nikapima mwanzo wa ubao, katikati, mwisho. Tisa, tisa, tisa na uzi. Nikajiambia mbao imekauka, imejikunja. Ubao wa pili uliandikwa nane. Saba. Wa tatu uliandikwa kumi na mbili. Kumi na moja. Nilipofika wa sita nilikuwa nimeshaacha kujidanganya kuhusu kukauka, maana mbao ikikauka mpana hupungua zaidi na mwembamba hupungua kidogo. Hizi zote zilipungua kitu kimoja. Inchi moja kamili, kama imekatwa kwa kisu.

Ule wa kwanza ulikuwa na unene wa inchi mbili na urefu wa futi kumi na mbili. Kwa chaki ya kaka ulikuwa futi ishirini. Kwa tepu yangu ulikuwa futi kumi na nane. Futi mbili za hewa kwenye ubao mmoja. Nimenunua hewa miaka kumi na moja, nikaibeba kwa mkokoteni, nikaipangia mahali.

Niliketi juu ya rundo la maranda, na hapo ndipo nikakumbuka tepu ya kaka. Kile kibati cha ncha kiling'oka zamani. Tepu ikikosa kibati, seremala haanzi kwenye ncha, kwa sababu ncha imelika. Anaweka alama ya moja kwenye ukingo wa ubao, anasoma upande wa pili, kisha anatoa moja. Tepu ikisoma kumi, ubao ni tisa. Fundi yeyote aliyewahi kufanya hivyo amewahi pia kusahau kutoa, na kuharibu mbao nzuri. Mimi mwenyewe nimeharibu.

Furaha niliyoipata ni ya aibu kuisimulia. Alisahau! Kaka anazeeka, macho yanamcheza, anasahau kutoa moja. Nilisimama nikajipangusa maranda. Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu, na hata kumnunulia tepu mpya.

Jumanne asubuhi nilikwenda boharini. Nilimkuta kaka kwenye uwanja wa katikati, anampimia mteja nisiyemjua, mzee wa miwani aliyening'iniza tepu shingoni kama daktari anavyoning'iniza mpira wake wa kusikilizia moyo. Sikujitokeza. Nilisimama nyuma ya mrundo wa mbao za msaji, hatua nne kutoka kwao, ambapo niliona tepu vizuri.

Kaka aliweka alama ya moja kwenye ukingo. Upande wa pili tepu ilisoma nane.

"Saba!" akaita, akaandika saba.

Ubao uliofuata tepu ilisoma kumi na moja. "Kumi!" Uliofuata, tisa. "Nane, baba, na huu una kifundo, nikutolee mwingine?"

"Nitolee."

"Nakutolea. Hapa hatumpi mtu ugonjwa."

Mbao tisa alipima. Mara tisa alitoa ile moja. Hakusita hata mara moja, wala hakufikicha macho. Mzee yule alilipia mbao zake, akaondoka akiwa ameridhika.

Kaka aliponiona alipanua mikono. "Bwana mdogo! Mbona umejibanza huko kama mdaiwa? Umekuja na mkokoteni?"

"Nimekuja na swali."

"Maswali hatuuzi. Mbao tunazo."

Tuliingia kwenye kile chumba chake cha mabati, chenye kiti kimoja na ndoo aliyonipa nikalie. Palinuka chaki na chai iliyolala. Alinimiminia kikombe. Sikukigusa.

"Kaka, tepu yako ilivunjika ncha lini?"

"Wewe ukiwa bado una nywele."

"Ukianzia kwenye moja, mwisho unatoa ngapi?"

Akacheka, akapiga paja. "Leo unanipa mtihani? Nani alikufundisha wewe?"

"Wewe. Sasa mbona kwangu hutoi?"

Kicheko kilikatika lakini meno yalibaki nje. Alikunywa chai yangu, kikombe kizima, taratibu.

"Utakuwa umekuta ubao mmoja nimekosea. Uzee huo."

"Nimekuta kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Na huyu mzee wa miwani umempimia tisa sasa hivi. Kwake hukuzeeka."

Aliinuka akafunga mlango. Aliporudi kuketi hakuwa tena na lile tabasamu. Nilimwona mtu mzima aliyechoka, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Yule ana tepu shingoni," akasema.

Alisema hivyo tu, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua inalowesha.

"Kwa hiyo mwenye tepu unampimia sawa."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwahi kupima. Miaka yote hiyo. Unakuja, unapakia, unakwenda. Nilianza ubao mmoja, nikasema leo tu, mtoto anaumwa. Ukarudi hukusema kitu. Nikafanya tena."

"Sikupima kwa sababu ni wewe!"

"Najua."

"Ungewapunja wageni, kaka! Dunia imejaa wageni!"

"Wageni wanapima," akasema kwa sauti ya chini.

Nje watu walikuwa wanashusha lori, na mbao zilianguka moja baada ya nyingine, paa, paa, paa. Nilimwuliza zile futi zilikwenda wapi. Alinieleza bila kuficha, na nadhani aliona heri ayatue. Nilizolipia lakini sikuzibeba zilibaki uwanjani zikiwa hazina mwenyewe. Mwenye bohari alihesabu pesa, zikatimia. Mbao zilizozidi kaka alizipanga pembeni. Nyingine aliziuza. Nyingine alizihifadhi.

"Ulizihifadhi wapi?"

Akaangalia sakafu.

Basi nikazijua. Kaka alipojenga nyumba yake aliniletea rundo la mvule safi, akaniambia amejiwekea akiba miaka mingi, nimtengenezee milango. Milango sita. Niliifanya kwa wiki saba bila kuchukua hata senti, nikakataa kazi za watu, nikapitisha msasa mara nne mpaka mtu akaweza kujiona juu yake. Shemeji alinipikia kila mchana. Siku ya kuhamia kaka alisimama mbele ya wageni, akanishika bega, akasema, "Huyu ndiye ndugu." Nikalia kwa furaha. Mbao zilikuwa zangu. Nilimtengenezea mwizi milango kwa mali aliyoniibia, na machozi nikatoa mimi.

"Sasa unataka niing'oe?" akauliza.

"Na Kifupi je?"

"Kifupi alikuwa na mdomo."

"Ulijua hajaiba."

"Alianza kupekua chaki yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nimwangalie!"

"Nilikwambia umwangalie," kaka akasema, na hapo aliinua macho. "Kumfukuza ulimfukuza mwenyewe. Na kumwita vile mbele ya watu, hayo sikukutuma. Usinitwike na ya kwako."

Hapo alinipata.

Aliendelea kwa sauti laini, ile aliyokuwa akiniamshia nikiwa mdogo. Niende kwa huyo daktari nikaseme nilikosea kuzidisha. Nishushe bei chini ya ile ya Kifupi, nitapata kazi. Kuanzia siku ile atanipimia sawa, na ngazi ya daktari atanichagulia mbao mwenyewe, zisizo na hata kifundo kimoja. Mambo yaishie kwenye chumba kile. Mwenye bohari akisikia atamtoa, na amebakisha miaka mitatu tu apumzike. Mama asisikie kabisa, moyo wake unaujua.

"Inchi moja tu, mdogo wangu. Tugombane kwa inchi?"

Niliondoka bila kuaga. Usiniulize nilifanya nini Jumatano. Nilihesabu upya ngazi ya daktari kwa upotevu wa kawaida na nikaikatakata mpaka ikafika futi mia tatu sitini, nane chini ya Kifupi. Ilikuwa hesabu halali. Karatasi hiyo niliiweka mfukoni.

Alhamisi saa nne Kifupi alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, magoti yamemfika kidevuni, kati ya mama mwenye shavu lililovimba na mzee aliyekuwa anasali kimya.

"Umezeeka," akaniambia.

"Na wewe umerefuka."

Mama mwenye shavu alitaka kucheka, ikamuuma, akaacha.

Daktari alituita. Hakutukaribisha kukaa. "Haya. Mia nne na kumi na sita, na mia tatu sitini na nane. Nani aliyesema kweli?"

Kifupi alikunja mikono akaniangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri zamani nimalize kupiga mstari ndipo yeye akate. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, kwenye karatasi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, nilikosea. Ningepata ngazi, kaka angebaki na chaki yake, na huyu mrefu angeendelea kuitwa mwizi, maana hilo tayari alikuwa amelizoea.

"Yeye," nikasema. "Hesabu yake ni sahihi."

"Na yako?"

"Yangu ina futi za hewa. Nilikuwa napunjwa nikinunua mbao. Sikujua, nikadhani ni upotevu, nikawa nauongeza kwenye bei za wateja wangu. Nimeibiwa, halafu nikawapelekea ninyi mlipe. Sijui nyie hilo mnaliitaje."

"Sisi tunaliita kuambukiza," daktari akasema. "Nani alikupunja?"

"Mpimaji wa boharini. Kaka yangu, tumbo moja."

Kifupi alishusha mikono.

Daktari alichukua karatasi yangu ya kwanza akaichana vipande viwili, bila ubaya, kama mtu anayesafisha meza. Kazi akampa Kifupi. Mimi aliniambia ahsante, na kwamba jino langu la pembeni chini linahitaji kuangaliwa, nisingoje liume.

Nje ya lango Kifupi alisimama juani. Nilimwambia nilichokuwa nimepanga kumwambia. Kwamba nilimdhulumu, kwamba miiko ile ilikuwa mabaki kama alivyosema, kwamba aliniambia mapema nikamziba mdomo. Nilitaka anipe mkono.

Hakunipa. "Umenisafisha mbele ya mganga wa meno," akasema. "Kule uliponichafua walikuwepo watu thelathini. Miaka minne sijanunua hata kipande cha ubao pale, natuma mtu. Mke wangu anaulizwa sokoni, mumeo bado ana mkono mrefu? Wanadhani wanachekesha, kwa sababu mikono yangu ni mirefu kweli."

"Unataka nifanye nini?"

"Unajua mwenyewe. Usijitie hamnazo."

Nilijua. Tulikwenda karakanani kwangu, tukapakia zile mbao kumi na mbili kwenye mkokoteni, chaki juu. Yeye alivuta, mimi nikasukuma. Njia nzima hatukuzungumza, ila kwenye kile kilima cha mwisho alisema "sukuma wewe, mbona unaegemea," nami nikasukuma.

Boharini ilikuwa saa ya watu wengi. Maseremala walikuwa wanachagua, wapakiaji wanakunywa maji kwenye bomba. Walipomwona Kifupi kelele zilipungua, kisha mtu mmoja akapiga mluzi. "Jamani, ficheni miiko!" Watu wakaangua kicheko. Kaka alikuwa kule mwisho, chaki sikioni. Aliiona mikokoteni mingi siku ile, lakini wetu alipouona ukirudi na mbao alisimama wima.

Nilishusha ubao wa kwanza nikaulaza chini katikati ya uwanja, chaki ikiangalia juu. Namba kumi iliyolala upande. Nilitoa tepu yangu.

"Wee, fundi," mpakiaji mmoja akasema. "Hiyo chaki ya Rula hiyo."

"Naiona."

Nikaweka ncha ya tepu ukingoni, nikainyoosha. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisikia hatua za kaka zikija, hatua ninazozijua hata nikiwa usingizini, moja nzito moja nyepesi.

"Tisa!" niliita kwa sauti. "Imeandikwa kumi. Ubao ni tisa!"

"Unanipima mimi?" kaka akasema nyuma yangu.

Sikugeuka. Niliwaambia wale watu, ingawa sijazoea kuhutubia, kwamba miaka minne iliyopita nilimwita huyu mtu mwizi hapa hapa, wengi wao wakasikia, na kwamba hakuwahi kuniibia hata kipande cha kuchokolea meno. Mbao zangu ziliishia hapa hapa uwanjani, inchi moja kila ubao. Kifupi alisimama kando ya mkokoteni. Kutoka ofisini mwenye bohari alikuwa ametoka nje, anafuta miwani.

Kaka alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. "Mdogo wangu," akasema, taratibu sana, wasisikie wengine. "Nakuomba."

Katika maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa anatoa, anaamuru, anagawa. Sikujua kama anajua kuomba. Mkono wa tepu ukashuka wenyewe. Ubao ulikuwa umeshapimwa, watu walikuwa wameshasikia. Mtu mwenye moyo mzuri kuliko wangu angeishia hapo.

Mbao zilikuwa kumi na mbili. Nikauvuta wa pili.